Kisanduku cha Nne

Nilielewa. Hilo ndilo nililokana kwa miaka kumi na minane, mbele ya wenzangu kazini, mbele ya mume wangu, na mara moja mbele ya ukumbi mzima wa watu walioshiba chakula cha hoteli. Siku ile, kwenye kituo cha maziwa nje ya mji wa Kajiado, yule mama alipoutazama mchoro wangu wa pili na kuuliza yeye yuko wapi, nilielewa anauliza nini. Nilizoea kusema sikuelewa. Lugha, unajua. Yeye Mmaasai, mimi Mkikuyu, na Kiswahili chetu sote wawili ni cha kukutana katikati ya njia. Waliosikia walitikisa vichwa kwa huruma. Ni kisingizio kizuri, na hakikuwahi kuniangusha.

Kazi yangu wakati huo ilikuwa kuchora kazi za watu wengine. Najua inavyosikika. Nilikuwa na shahada, na juu ya shahada nilikuwa na kozi ya wiki sita, na kutoka kwenye kozi hiyo nilikuwa na faili nene jeusi ambalo nililibeba kila mahali kama wengine wanavyobeba maji ya baraka. Ndani ya faili kulikuwa na kila kitu. Duara ni mwanzo wa kazi, kisanduku ni hatua, almasi ni mahali pa kuamua ndio au la, mshale unaonyesha kinachofuata. Ukishachora, unapima. Na ukitaka kujua kama shirika zima linaendelea vizuri, kulikuwa na jedwali la madirisha manne: fedha, wateja, kazi za ndani, na kujifunza. Sikuwahi kuona shirika lolote lililojaza dirisha la nne. Lakini nilikuwa na miaka thelathini, na niliamini kuwa tatizo lilikuwa la mashirika.

Tulikuwa tukiishi Kitengela, kwa mama yangu. Alikuwa ameuza sehemu ya shamba huko Murang'a na kununua ploti ya hamsini kwa mia wakati ambapo watu walimcheka kwamba amenunua vumbi. Asubuhi nikifungua dirisha la jikoni niliona nyumbu wakipita nyuma ya ua, hawana habari na sisi, wakielekea kusini kama wafanyakazi waliochelewa. Leo nikifungua dirisha hilo hilo naona ukuta wa flati ya ghorofa nne, na nikinyoosha mkono naweza kupunguza sauti ya televisheni ya jirani. Sisemi zamani kulikuwa bora. Kulikuwa na vumbi kweli.

Kituo cha maziwa kilikuwa cha ushirika wa akina mama. Kilikuwa chumba kimoja cha mabati, tangi la kupoza, jenereta, na nje, chini ya kibaraza, benchi la mbao ambalo mguu wake mmoja ulikuwa umeegemezwa jiwe bapa. Mfadhili fulani alitaka kujua kwa nini wanawake wachache wanahudumiwa kwa muda mrefu hivyo, na akatutuma. Yaani akanituma mimi, kwa kuwa wenzangu wawili walikuwa na mradi mwingine wenye kiyoyozi.

Benchi hilo lilikuwa la mpokeaji. Alikuwa mama wa miaka sitini hivi, mrefu, mwenye shuka la buluu na sauti ya chini iliyokulazimu usogee. Mwanamke alipofika na mtungi wake, mpokeaji hakuugusa mtungi. Alimsalimu: "Takwenya." Mwenzake akajibu: "Iko." Kisha akampisha kwenye benchi na kumwambia neno lile lile kila siku:

"Leta kwanza habari."

Ilomon, walivyoziita wenyewe. Na si habari za juu juu. Umetoka wapi, umepita wapi, nyasi huko zikoje, bwawa limebaki na maji kiasi gani, nani amejifungua, ng'ombe yupi anakohoa, mkwe gani amefika na anaondoka lini. Zikiisha habari, ndipo alipofungua mtungi, akanusa, akaonja tone kwa ncha ya ulimi, akatumbukiza kipimo, akamimina. Mwisho akasema, "Nimepokea." Kisha akainua macho: "Mwingine."

Nilikaa naye wiki mbili, nikipima kwa simu. Ilikuwa simu ya vitufe yenye saa ya kuhesabu sekunde, na nilijiona mtaalamu sana kuibonyeza kila mtungi ulipofika.

"Hiyo simu unapigia nani kila saa?" aliniuliza siku ya kwanza.

"Sipigi, yeyo," nikajibu, nikimwita mama kwa Kimaa. "Napima muda."

"Muda yangu ama yako?"

"Muda wa maziwa."

Akafikiri. "Maziwa haijalalamika," akasema.

Alinitoza mimi pia. Kila asubuhi hakuniruhusu kufungua daftari kabla sijaleta habari zangu. Siku ya kwanza nikasema, "Nzuri." Akangoja. Nikasema tena, "Nzuri sana, yeyo."

"Nzuri si habari," akasema. "Nzuri ni mtu amefunga mlango."

Basi nikaanza kuleta. Kwanza kidogo: mvua ya Kitengela, mama yangu na jirani yake na ule mpaka wao. Siku ya nne, sijui ilinitokaje, nikamwambia kwamba binti yangu wa pili alikuwa amefikisha miaka mitatu na hajasema hata neno moja. Nilikuwa sijamwambia mtu. Mume wangu na mimi tulikuwa tukizunguka jambo hilo nyumbani kama watu wanaozunguka shimo. Mpokeaji hakunipa ushauri. Aliuliza kama anacheka. Nikasema anacheka. Aliuliza kama akiitwa anageuka. Nikasema anageuka. "Basi anakusanya," akasema. Akainua macho na kuita, "Mwingine," maana nyuma yangu mistari ya mitungi ilikuwa imefika langoni.

Niliandika kwenye daftari: dakika kumi na moja. Hizo zilikuwa zangu. Na wastani wa wanawake wote ulikuwa karibu hivyo hivyo.

Mchoro wa kwanza niliuchora Kitengela, kwenye meza ya jikoni ya mama, kwa penseli, kwenye karatasi kubwa ya kaki. Unaitwa hali ya sasa. Visanduku kumi na kimoja, kutoka lango hadi tangi, na cha nne nikakiandika "Kupokea habari." Nilimpelekea mpokeaji akaone kama nimepatia. Alisoma polepole, kidole kikifuata mshale, na alipofika kwenye cha nne akauliza, "Hii ni mimi?" Nikasema ni yeye. Akaweka dole gumba katikati ya kisanduku na kulikandamiza, na mafuta ya maziwa yakaacha doa. "Imekaa vizuri," akasema. Alifurahi kuliko nilivyotarajia mtu afurahie kisanduku.

Kisha kuna mchoro wa pili, hali ya baadaye. Hapo faili jeusi linakutaka upitie kila hatua na kuuliza: je, inaongeza thamani kwa bidhaa? Isiyoongeza, ipakwe rangi nyekundu, kisha iondolewe. Maziwa yaliyosimuliwa habari na yasiyosimuliwa, nilijiuliza kwa uzito wote wa shahada yangu, yana tofauti gani? Nikapaka nyekundu. Kunusa na kuonja na kupima tulikuwa tumeshaiachia mashine ndogo iliyokuwa njiani kutoka kwa mfadhili, na wa kuibonyeza alikuwepo karani wa mizani. Kwa hiyo kisanduku cha nne ndicho pekee kilichokuwa kimebaki na yule mama ndani yake. Nikakifuta.

Mama yangu alikuwa akichambua mboga upande wa pili wa meza. Alisogeza miwani na kulinganisha karatasi mbili.

"Na huyu wa nne ameenda wapi?"

"Hajaenda popote, maitu. Ni mchoro tu."

"Mchoro tu," akasema, na kurudi kwenye mboga zake. "Sisi hapa tumeona watu wakienda kwa mchoro tu."

Hilo lilipaswa kunitosha. Kajiado nzima wakati ule ilikuwa kwenye karatasi. Ardhi ya pamoja ya ranchi ilikuwa ikigawanywa, na kila familia ilikuwa imewahi kusimama mbele ya mpima ardhi mwenye karatasi pana yenye visanduku, ikitafuta kisanduku chake. Waliokikuta walirudi nyumbani. Wasiokikuta walipanda ngazi za ofisi kwa miaka.

Na mimi nikaenda huko na karatasi pana mbili zenye visanduku, nikazibandika kwenye ukuta wa mabati.

Kwanza upepo ulichukua karatasi ndogo za kunata nilizokuwa nimeandika hatua, na hatua ya saba tukaikuta kwenye ua wa miiba. Kisha akina mama wakasogea. Halafu mmoja akauliza, "Hii barabara inatokea wapi?" Alikuwa ameshika mshale. Mwingine akauliza mbona kile cha mwisho kiko mbali na maji. Mwenyekiti wao, mama mnene mwenye ucheshi ambaye hakuna kilichomshangaza duniani, alikuwa ameinamisha kichwa mbele ya almasi.

"Na hii ya kukatwa kona ni ya nani?" akaniuliza. "Hapa mtu hawezi jenga, madam. Hata choo haitoshi."

Nilieleza. Nilisema si ardhi, ni kazi, na kwamba hivi vichochoro virefu, kila kimoja cha mtu mmoja, wataalamu wanaviita njia za waogeleaji. Mwenyekiti akatafsiri kwa Kimaa. Sijui alisema nini, lakini walicheka hadi wengine wakakaa chini. Eneo ambalo maji ya kunywa tunayanunua kwa jerikeni, na mimi nimekuja na waogeleaji. Nilicheka nao. Nilidhani siku imeisha vizuri.

Mpokeaji hakuwepo wakati wa kicheko hicho. Alikuwa kibarazani, amechelewa na mwanamke aliyetoka mbali. Aliingia wenzake wakitoka, akaenda moja kwa moja kwenye karatasi ya pili, na kuhesabu kwa kidole. Moja, mbili, tatu. Kidole kikasimama. Akakirudisha mwanzo, akahesabu tena. Akaitazama karatasi ya kwanza, ambako doa lake lilikuwepo, kisha akanigeukia.

"Hapa mimi niko wapi?"

Nimeukana uso huo kwa miaka kumi na minane. Nilikuwa nimeuona uso huo kwenye foleni za ofisi ya ardhi, nikiwa nimemsindikiza mama yangu. Ningeweza kumwambia: hii si ardhi, yeyo, hakuna aliyekunyang'anya ploti. Sentensi moja. Lakini sentensi hiyo ilikuwa na mwenzake nyuma yake, nao walikuwa wameshikana mikono: si ardhi, ni kazi, na kazi niliyoifuta ni yako. Sikuweza kutoa ya kwanza bila kuvuta ya pili.

"Hii bado ni rasimu," nikasema.

Rasimu. Ni neno ambalo hata mimi huwa nalitumia nikiwa na wasiwasi. Yeye hakulijua, nami nilijua kwamba halijui.

Alikaa kwenye benchi siku mbili zaidi, akipokea habari kama kawaida. Nilipita mbele yake mara nyingi, na simu yangu mkononi. Siku ya tatu hakuja. Wiki iliyofuata karani akaliingiza benchi ndani, akaweka juu yake ile mashine.

Muda wa kuhudumia ulishuka kutoka dakika kumi na moja hadi tatu. Nilichora grafu yake. Ilikuwa na mteremko mzuri mno, kama kilima cha kuchezea watoto, na mfadhili aliipenda. Kilichofuata sikukichora. Miezi michache baadaye tangi zima lilikataliwa na wanunuzi kwa sababu maziwa yalikuwa na dawa ya ng'ombe, na mashine yetu haikuwa ya kugundua dawa. Zamani mwanamke angesema katikati ya habari zake, "Na ile nyeusi ilidungwa sindano juzi," na mpokeaji angeweka mtungi huo kando bila kumwaibisha. Sasa hakuna aliyeuliza, na kwa hiyo hakuna aliyesema. Katika ripoti niliandika kuwa mashine inahitaji kuboreshwa. Dirisha la nne nililiacha wazi.

Halafu, kwa ujasiri ambao sijui niliutoa wapi, nikaugeuza mradi ule kuwa mfano wa kufundishia. Nilionyesha nakala za michoro miwili kwenye semina, kabla na baada. Kila mara kulikuwa na mtu mmoja, mara nyingi mwanamke wa nyuma kabisa, aliyeuliza yule mama wa kisanduku cha nne alienda wapi.

"Alistaafu," nilikuwa nikijibu. "Magoti."

Mama yangu alifariki mwaka juzi. Nilichelewa kupanga vitu vyake kwa kuwa nyumba ilikuwa bado na harufu yake, mafuta ya kujipaka na moshi kidogo wa makaa. Mwezi uliopita nikafungua sanduku la bati lililokaa chini ya kitanda chake miaka yote hiyo. Hati ya ploti ilikuwemo, ndani ya nailoni, kama nilivyotegemea. Chini yake, ndani ya nailoni yake yenyewe, kulikuwa na karatasi ya kaki iliyokunjwa mara nane. Mchoro wa kwanza. Nilipomaliza kuunakili nilikuwa nimeusahau mezani kwake, na yeye alikuwa ameutunza na hati, kwa sababu kwake karatasi yenye visanduku haikuwa kitu cha kutupa. Nikaukunjua kitandani. Penseli ilikuwa imefifia, lakini doa la dole gumba lilikuwepo bado, limepenya hadi upande wa pili.

Yule mwenyekiti mcheshi siku hizi ana duka la chakula cha mifugo hapa Kitengela. Nilimkuta akibishana na mteja kuhusu chumvi. Nilipomwambia namtafuta nani, hakuuliza kwa nini.

"Alihamia Loitokitok kwa binti yake, analima kitunguu," akasema, akitafuta namba. "Lakini weka kredo ya kutosha kwa simu, madam. Huyo unamjua."

Nilipiga asubuhi, nimekaa kitandani kwa mama, mchoro mapajani. Nilikuwa nimeandaa sentensi zangu kwenye karatasi, tatu, zenye namba. Simu ikaita muda mrefu.

"Takwenya," nikasema.

"Iko." Sauti ilikuwa ile ile, ya kukusogeza. "Ni nani?"

"Ni yule wa karatasi, yeyo. Wa kituo cha maziwa."

Nikasikia kuku, na mbali zaidi injini ya pampu ya maji.

"Wa karatasi na simu?"

"Ndiyo huyo."

"Ooh," akasema. "Leta kwanza habari."

Nikazisogeza sentensi zangu kando. Nilimwambia mama amefariki. Akaniuliza alizikwa wapi, na nani alimfunga macho. Nilimwambia nyumbu hawapiti tena, na mahali walipopita kuna flati. Nilimwambia mvua ilivyochelewa. Nikamwambia magoti yangu yananisumbua.

"Mimi yangu iko sawa," akasema. "Napanda hapa juu kila siku kuangalia kitunguu."

Nilistahili hiyo, ingawa hakujua alichonipiga nacho.

"Na yule mtoto wa kutoongea?"

"Anasomea sheria, yeyo. Hanyamazi."

Akacheka kwa muda. "Si nilikuambia anakusanya," akasema. Nilitazama simu, bila mtu kunituma: dakika kumi na mbili na kitu. Kisha akasema, "Haya. Sasa mimina."

Nikamimina. Nilimwambia kwamba siku ile aliponiuliza yuko wapi nilijua anadhani ni ardhi, nikanyamaza. Kwamba haikuwa ardhi, ilikuwa kazi, na aliyeifuta si mfadhili wala mwenyekiti, ni mimi, kwa mkono wangu, kwenye meza ya mama yangu. Na kwamba tangu hapo nimekuwa nikisema sikuelewa.

"Ardhi?" akasema. "Hiyo ya ardhi mwenyekiti alinieleza jioni hiyo hiyo. Na ile yako ya waogeleaji. Tulicheka sana. Mimi nilijua ni kazi, entito."

Entito, msichana. Nina miaka arobaini na minane.

"Basi mbona ulikaa siku mbili zaidi?"

"Nilikuwa nangoja wewe. Ulikuwa unapita hapo mbele yangu na simu, unapita, unapita. Nikasema, huyu ataleta habari, amezoea. Wewe uko na mdomo, si kama mtoto. Lakini hukuleta." Pampu ya maji ikazimika huko kwake, na sauti yake ikawa karibu sana. "Nikasema, kama hata huyu ameacha kuleta, basi hiyo kazi imeisha kweli. Nikaenda."

Nilikuwa nimejitayarishia kosa moja kwa miaka kumi na minane, nimelikana, nimelikiri, na lilikuwa si lenyewe.

"Nimechelewa, yeyo," nikasema hatimaye.

"Umechelewa. Hiyo imeshakuwa maziwa lala, imeganda." Nikamsikia akivuta pumzi, kama aliyekuwa akinusa kitu. "Lakini lala pia tunakunywa."

Kidole changu, naona sasa, kilikuwa kwenye doa.

"Nimepokea," akasema. "Mwingine." Na akakata simu.